Lita za mzee zimepotea, simu ilisema "Imehifadhiwa" (SBCL, Hunchentoot, Postmodern)

maziwa_mgando:

Salaam wakuu. Nina tatizo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, na kwa kuwa humu wanaoandika Common Lisp (mimi naiendesha kwa SBCL) ni wa kuhesabu, acha nilieleze lote.

Naendesha kijimfumo cha kupokea maziwa cha chama kimoja cha wafugaji huku Tanga. Vituo vitano, kila kituo karani mmoja na simu yake. Mfugaji analeta ndoo, karani anachovya laktomita, anapima lita, anajaza namba ya mfugaji na lita, anabonyeza Hifadhi. Basi. Hunchentoot (seva ya wavuti) inapokea maombi, Postmodern (maktaba ya Lisp) inaongea na PostgreSQL (hifadhidata), vyote vinakaa kwenye seva moja ya kukodi yenye RAM ya GB 1. Kwa nini Lisp, msiniulize. Niliionja kwenye REPL (unaandika mstari, unajibiwa papo hapo), nikanogewa, yameisha.

Mchana kutwa hakuna shida. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, vituo vyote vikiwa na foleni, na mhasibu wa chama naye kafungua ripoti ya jana (ripoti yenyewe nzito, inachukua sekunde mbili tatu), karani mmoja mmoja anaanza kupata ukurasa wa kosa. Kwenye logi nakuta hivi:

```
Database error: This connection is still processing another query.
```

Akibonyeza tena inakubali, kwa hiyo nilikuwa naipuuza. Kilichonitoa jasho ni Jumanne. Mzee mmoja wa kituo cha tatu amekuja na kikaratasi chake cha lita 14 na nusu za asubuhi. Karani anaapa aliona "Imehifadhiwa" kwenye simu, na kwenye daftari la mkono zipo. Kwenye jedwali la mapokezi hakuna safu ya mzee siku hiyo. Halafu ajabu sasa: kwenye jedwali la wafugaji, jumla yake INA hizo lita 14 na nusu! Vitu hivyo viwili naviandika ndani ya muamala mmoja, yaani ama viingie vyote ama visiingie vyote. Iweje kimoja kiingie na kingine kisiingie?

```lisp
(defun washa ()
  (connect-toplevel "maziwa" "karani" "" "localhost")
  (hunchentoot:start *seva*))

(hunchentoot:define-easy-handler (pokea :uri "/pokea")
    (mfugaji zamu lita)
  (with-transaction ()
    (execute "insert into mapokezi (mfugaji, tarehe, zamu, lita)
              values ($1, current_date, $2, $3)" mfugaji zamu lita)
    (execute "update wafugaji set jumla = jumla + $1
              where namba = $2" lita mfugaji))
  "Imehifadhiwa")
```

Jedwali la mapokezi lina sharti kwamba mfugaji hawezi kuingia mara mbili siku moja zamu moja. Kwenye laptop yangu nimebonyeza mpaka kidole kikauma, haitokei hata mara moja. Mzee ananiangalia kama mwizi wa maziwa. Nisaidieni.

dogo_wa_server:

Mkuu hamia PHP, maisha mafupi.

fundi_pwani:

Achana na huyo wa juu. Hapo inaonekana maombi mawili yanaingia kwa wakati mmoja na yanagombania muunganisho. Tengeneza kufuli (ombi moja lipite, mengine yasubiri) kwa `bt:make-lock`, kisha zungushia kila kitu kinachogusa hifadhidata `bt:with-lock-held`. Muamala wote uwe ndani ya kufuli, usifunge kueri moja moja. Mimi nilifanya hivyo kwenye kisystem changu cha stoo, kikatulia.

mabano_mengi:

Kaka maziwa_mgando, kabla hujagusa kitu, fungua logi ya PostgreSQL yenyewe, achana kwanza na ya Hunchentoot. Tafuta dakika ile ambayo karani anasema alibonyeza Hifadhi, utubandikie mistari iliyo jirani. Na uniangalizie namba za id kwenye mapokezi ya asubuhi hiyo: kuna pengo? La namba ngapi?

maziwa_mgando:

Dada, nimeona. Hii hapa:

```
06:52:11.204 WARNING:  there is already a transaction in progress
06:52:11.209 ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "mapokezi_mara_moja"
06:52:11.213 WARNING:  there is no transaction in progress
```

Nakiri, hizo WARNING nimekuwa nikiziona tangu mwezi jana. Nilijiambia si ERROR, zitapita. Hiyo ERROR naijua: ni karani wa kituo cha kwanza, mtandao ukivuta anabonyeza Hifadhi mara mbili, sharti linamkatalia la pili. Ndiyo kazi ya sharti, sikuona tatizo.

Id: inatoka 4127 inaruka 4130. Pengo la mbili.

mabano_mengi:

Pengo la mbili, basi tumemkamata.

`connect-toplevel` imewekwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa kwenye REPL. Inafungua muunganisho mmoja na kuuweka kwenye `*database*`. Hiyo `*database*` ni kigeu maalumu: ukikipa thamani ya ndani kwa `let`, uzi ule (uzi wa programu, yaani kazi inayokwenda sambamba na nyingine, si huu wetu wa jukwaa) unakuwa na thamani yake peke yake. Usipofanya hivyo, nyuzi zote zinachungulia thamani ile ile ya jumla. Na Hunchentoot ya kawaida inampa kila mteja aliyeunganishwa uzi wake, mpaka nyuzi 100. Kwa hiyo makarani wako watano na mhasibu wote wanasemea kwenye waya mmoja.

Hiyo hitilafu ya mwanzo, "still processing another query", ndiyo yenye huruma. Hapo Postmodern imegundua kwamba ripoti ya mhasibu bado inasomwa, ikamfukuza karani waziwazi. Yenye ubaya ni ile isiyosema. Soma logi yako upya pamoja nami:

Ombi la pili la karani wa kituo cha kwanza (alibonyeza mara mbili) linatuma BEGIN, yaani fungua muamala. Milisekunde hiyo hiyo, ombi la mzee wa kituo cha tatu nalo linatuma BEGIN kwenye muunganisho ule ule. PostgreSQL inasema jamani, muamala upo tayari, lakini ni onyo tu, inaendelea. Kwake hakuna watu wawili, kuna muunganisho mmoja. Safu ya mzee inaingia na kupewa 4128. Safu ya kurudia ya kituo cha kwanza inajaribu, inachukua 4129, inagonga sharti. `with-transaction` ya kituo cha kwanza inafanya ilichoagizwa, inatuma amri ya kufuta muamala. Muamala ukafutwa, na safu ya mzee ikaenda nayo.

Sasa uzi wa mzee haujui lolote. Unaendelea na mstari wake wa pili, ule wa `update`. Muamala haupo tena, kwa hiyo `update` inajisimamia yenyewe na kuhifadhiwa papo hapo. Ndiyo hizo lita 14 na nusu kwenye jumla. Kisha uzi unatuma COMMIT (thibitisha muamala), PostgreSQL inajibu kwamba hakuna muamala, tena kwa onyo tu, na karani anaandikiwa "Imehifadhiwa".

Hebu fikiria makarani watano wana daftari moja, ukurasa mmoja. Mmoja kakosea, kachana ukurasa. Kachana na maandishi ya mwenzake.

Id haziwezi kurudi kwa sababu namba ikishatolewa na mfuatano (kihesabu cha id) hairudishwi hata muamala ukifutwa. Kwa mfumo wako pengo la namba moja ni karani kabonyeza mara mbili, halina madhara. Pengo la mbili lenye WARNING pembeni, hapo kuna mfugaji anadai.

Ushauri wa kufuli wa fundi_pwani ni sahihi, hautapoteza maziwa. Ila ripoti ya sekunde tatu ikishika kufuli, vituo vitano vinasubiri na ndoo mkononi. Afadhali kila ombi lipate muunganisho wake:

```lisp
(defparameter *db*
  '("maziwa" "karani" "" "localhost" :pooled-p t))

(defclass mpokezi (hunchentoot:easy-acceptor) ())

(defmethod hunchentoot:acceptor-dispatch-request :around
    ((m mpokezi) ombi)
  (postmodern:with-connection *db*
    (call-next-method)))
```

`with-connection` ndiyo inayofanya ile `let` ya `*database*`, na `:pooled-p t` inauweka muunganisho akiba ukishatumika badala ya kuukata. Ifute kabisa `connect-toplevel` ndani ya `washa`. Na `*seva*` uitengeneze kwa `make-instance 'mpokezi`, watu wengi wanasahau hapo kisha wanasema dawa haikufanya kazi.

Kuhusu laptop yako kutokuonyesha kitu: unabonyeza peke yako, utawezaje kugongana? Weka `(query "select pg_sleep(2)")` katikati ya muamala, fungua madirisha mawili ya kivinjari, utaona. Lakini lala upande wa Lisp, yaani `(sleep 2)`, ukitaka kuona upotevu wenyewe, maana `pg_sleep` inaushikilia muunganisho na utapata ile hitilafu ya waziwazi tu.

fundi_pwani:

Nimekubali, dada. Na mimi narudi kuangalia stoo yangu, ripoti ya mwisho wa mwezi ndiyo maana wauzaji wananipigia simu.

maziwa_mgando:

Nimerudi, siku nne baadaye.

Kwanza nilifanya jaribio la `(sleep 2)` kwa code ya zamani. Nimeweka mfugaji wa uongo namba 900 kwenye dirisha moja, kwenye lingine nikarudia mfugaji aliyekwisha kuingia. Nimelazimika kujaribu mara nne kulenga, lakini ya nne: "Imehifadhiwa", jumla imepanda, safu hakuna. Nimekaa naitazama skrini kama nimeona jini.

Kisha nikaona, kama jumla inabaki na safu inapotea, basi wote waliodhulumiwa wanaweza kutafutwa:

```sql
select w.namba, w.jumla - sum(m.lita) as deni
from wafugaji w join mapokezi m on m.mfugaji = w.namba
group by w.namba, w.jumla
having w.jumla <> sum(m.lita);
```

Nimewapata watatu. Mzee wangu na 14.5 zake, mama mmoja wa kituo cha tano lita 6, na mwingine lita 9 ambaye wala hakuwahi kulalamika. Zote tatu nimezikuta kwenye madaftari ya mkono ya makarani. Mwezi uliopita nilikuwa nimewaambia waache kuandika madaftari, tuna mfumo. Ashukuriwe Mungu hawakunisikiliza.

Code yako imekaa tangu juzi. Asubuhi nimefungua `pg_stat_activity` (orodha ya miunganisho ya PostgreSQL) saa moja kasoro, miunganisho sita, onyo hakuna hata moja, ripoti ya mhasibu inajikokota bila kumsumbua mtu.

Lakini kimezuka kingine. Baada ya kuhifadhi, natuma SMS kwa mfugaji kwa `bt:make-thread` (inafungua uzi mpya) ili karani asisubiri. Ndani ya uzi huo nasoma namba ya simu kutoka hifadhidata. Zamani ilikuwa inafanya kazi, sasa inalia kwamba `*database*` ni NIL, yaani tupu. Nimezungushia `with-connection` kwenye ombi zima kama ulivyosema, mbona huko haifiki?

mabano_mengi:

Kwa sababu thamani ya `let` hairithiwi. Uzi mpya kwenye SBCL unaanza na thamani ya jumla, na ya jumla sasa ni NIL kwa kuwa umeifuta `connect-toplevel`. Zamani "ilikuwa inafanya kazi" kwa maana ile ile ambayo maziwa ya mzee yalikuwa yanahifadhiwa.

Ama soma namba ya simu kabla ya `make-thread` na uipeleke ndani kama kigeu cha kawaida, hicho lambda (ile function unayoipa `make-thread`) itakishika bila shida, ama weka `with-connection *db*` nyingine ndani ya lambda yenyewe. Mimi ningechagua ya kwanza: uzi wa SMS hauna haja ya kushika muunganisho huku unasubiri mtandao wa simu.

maziwa_mgando:

Ya kwanza imekubali. SMS ya majaribio nimeituma kwa mzee mwenyewe, ya lita 14.5 zilizorudishwa. Amenipigia kuuliza na za Ijumaa ya wiki ile nyingine je. Hizo nimeangalia, zipo.

dogo_wa_server:

Bado nasema PHP.