Tupeane uzoefu: bolti iliyogoma na taimingi iliyohama wakati wa kutengeneza gari nyumbani

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Mada hii ni kwa ajili yetu tunaofungua injini wenyewe nyumbani, tukiwa na boksi la spana za kawaida, jeki, stendi na siku mbili za mapumziko. Mara nyingi huwa tunajadili vifaa vilivyong'ang'ania upande mmoja na taimingi (ulinganifu wa wakati kati ya pistoni, valvu na cheche) upande mwingine, ilhali kwangu mimi hilo ni jambo moja. Mtu anauliza namna ya kufungua bolti iliyogoma ya puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), anaambiwa achomeke bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, bolti inafunguka na anashukuru. Baadaye anarudi kuuliza kwa nini gari limekosa nguvu au kwa nini linamisi, yaani baadhi ya silinda haziwaki vizuri. Nguvu ile haikuishia kwenye bolti. Iliingia kwenye krenki, ikapita kwenye mkanda au cheni, na kama njiani ilikuta kitu dhaifu kuliko bolti yenyewe, hicho ndicho kilichosogea.

Kwa wanaoanza, ni vyema kukumbuka kwamba krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti (shafti inayofungua valvu), na ndiyo sababu gia ya kemshafti huwa na meno mara mbili ya gia ya krenki. Kwa hiyo alama ya puli ya krenki hufika mahali pake mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi: mara moja pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa mwisho wa kompresheni (kugandamiza hewa), na mara nyingine ikiwa mwisho wa kutoa moshi. Ukiitazama puli peke yake huwezi kujua uko wapi kati ya hizo mbili. Isitoshe, katika injini nyingi valvu iliyofunguka na pistoni iliyopanda hutumia nafasi ileile kwa nyakati tofauti, hivyo mkanda ukishatoka, kuzungusha krenki au kemshafti ovyo ni kuvigonganisha.

Naomba kila mchangiaji aeleze kifaa kipi kiligoma, nguvu aliielekeza wapi, na alithibitishaje kwamba taimingi haikuhama.

Mchangiaji wa kwanza

Nianze na hiyo bolti ya puli ya krenki, kwa sababu ndiyo inayowakatisha tamaa wengi kabla hawajauona mkanda wenyewe. Gari langu lilikuwa la gia za kawaida, kwa hiyo niliingiza gia ya juu kabisa, nikamwomba ndugu yangu akanyage breki kwa nguvu zote, magurudumu yakiwa chini. Kwa gari la otomatiki njia hiyo haifai, kwa kuwa kati ya injini na gia kuna kimiminika tu kinachosukumana, na krenki itaendelea kuzunguka hata breki ikikanyagwa. Hapo itabidi kuzuia flaiwili (gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki) kupitia meno yake, au kutumia kishikio maalumu cha puli.

Jambo ninalotaka kulisisitiza ni pini za kufungia taimingi. Injini nyingi zina matundu ya kuingizia pini ili krenki na kemshafti vikae mahali pake, na mtu akishaiona pini imeingia vizuri hushawishika kuitumia kuzuia injini isizunguke anapofungua bolti. Pini hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kuonyesha mahali. Hazikutengenezwa kubeba nguvu ya mamia ya nyutonimita. Zikipinda au kukatika, tundu huharibika na alama yenyewe hupoteza maana. Vivyo hivyo, usiizuie kemshafti kwa kutegemea mkanda wa zamani unapofungua bolti ya gia yake. Kemshafti nyingi zina sehemu ya pembe sita katikati ya shafti, chini ya kifuniko cha valvu, na hapo ndipo spana inapopaswa kukaa.

Bolti yangu haikufunguka kwa mkono. Ilifunguka kwa mashine ya kufungulia kwa mapigo, na nadhani sababu yake inafaa kueleweka. Kila pigo ni kali lakini fupi sana, kiasi kwamba uzito wa krenki wenyewe hulipokea kabla haijapata muda wa kuzunguka, na nguvu inayofika kwenye mkanda huwa ndogo. Mpini mrefu hufanya kinyume chake, kwa kuwa husukuma polepole na bila kuachia. Hata hivyo, mashine hiyo niliitumia kufungulia tu. Kukaza nilifuata kitabu cha gari, kwa spana ya kupima nguvu, na bolti ambazo mtengenezaji ameagiza zikazwe kwa nguvu fulani kisha ziongezwe digrii kadhaa mara nyingi huagizwa pia zibadilishwe, kwani huwa zimeshavutika.

Bolti ilipotoka, puli nayo ikagoma. Puli nyingi zina ringi ya nje iliyogandishwa kwenye kitovu kwa mpira. Ukiivuta kwa kushika ukingo wa nje, utaachanisha mpira huo. Kifaa cha kuvutia puli kishike kitovu, kwenye matundu yenye nyuzi kama yapo.

Mchangiaji wa pili

Mchangiaji aliyetangulia amesahau kutaja njia ambayo wengi huifahamu, yaani kuegemeza mpini wa spana kwenye chesisi na kugusa stata kidogo. Nimeiona ikifanyika na bolti ikaachia mara moja. Sioni kwa nini tuikwepe.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, niruhusu nipingane nawe kwa hoja. Kwanza, njia hiyo hufanya kazi tu kwa injini inayozunguka kuelekea upande wa saa ukiitazama kutoka upande wa puli. Injini nyingi za zamani za Honda zilizunguka kinyume cha saa, huku bolti ikiwa ya nyuzi za kawaida, na ukigusa stata hapo utakuwa unaikaza. Pili, mpini ukiponyoka huna udhibiti wowote juu ya mahali utakapotua, na mafuta au cheche zikiwa hazijakatwa injini inaweza kuwaka. Tatu, na hili ndilo linalohusu mada yetu, wapo wanaoijaribu wakati mkanda umeshalegezwa, na stata haiwezi kujua kwamba valvu zimesimama njiani. Kwamba umeiona ikifanikiwa sikatai, lakini nguvu usiyoweza kuizuia katikati ya safari siiiti mbinu.

Mchangiaji wa tatu

Kisa changu kinahusu distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda) katika injini ya zamani ya kabureta. Ilikuwa imeganda kwenye bloku, kwa sababu mwili wake ni wa alumini na bloku ni ya chuma cha kalibu, na metali hizo mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu kwa miaka, alumini huliwa na kujenga unga mweupe unaobana kuliko kutu. Niliweka oili ya kupenyeza kuzunguka shingo yake, nikaiacha usiku kucha, kisha nikawa naizungusha kwa mkono kidogo kushoto na kidogo kulia. Nilikuwa nikiizungusha tu bila kuivuta, kwa kuwa kuivuta kwa kuipenyezea bisibisi chini ya ukingo ndiko kunakovunja masikio ya alumini.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeifikisha silinda ya kwanza juu kabisa, mwisho wa kompresheni. Kuijua ni rahisi: toa plagi, ziba tundu kwa kidole, kisha mtu mwingine azungushe krenki kwa spana hadi upepo usukume kidole, ndipo uendelee hadi alama ya puli ifike. Nilichora mstari kuanzia kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye bloku, na mwingine kuonyesha rota (kipande kinachozunguka ndani yake) ilikokuwa ikielekea.

Sasa liko jambo ambalo huwachanganya watu. Gia ya distribyuta huwa na meno ya mshazari, kwa hiyo inapopanda rota huzunguka kiasi, na inapoteremka huzunguka tena kurudi. Lazima uianzishe ikiwa imepita pembeni kidogo ili ikishakaa iangalie kwenye alama yako. Ikikaa kinyume, yaani nusu mzunguko kutoka mahali pake, cheche hutokea silinda ikiwa inamaliza kutoa moshi, na injini hujibu kwa kupiga mlipuko kupitia kabureta. Ukiusikia mlipuko huo usianze kubadilisha plagi. Rudi kwenye silinda ya kwanza, kisha hakiki waya kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ambao ndio wa injini nyingi za silinda nne.

Baada ya kuwaka nilimalizia kwa taa ya taimingi. Na kwa wenye injini za Toyota zenye distribyuta na kompyuta, kumbukeni kwamba kwa nyingi kati ya hizo sharti kuunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kupimia kabla ya kusoma alama. La sivyo kompyuta itaendelea kuisogeza taimingi huku wewe ukidhani unaipanga.

Mchangiaji wa nne

Langu ni fupi. Alama za rangi kwenye mkanda mpya hutumika siku ya kufunga tu. Ukizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenki ili kuhakiki, alama za gia zitarudi mahali pake, lakini zile za mkanda hazitarudi. Nimeshamwona mtu akifungua kazi iliyokuwa sahihi kwa sababu hiyo.

Mchangiaji wa tano

Niliwahi kuletewa gari la jamaa yangu lililokuwa limefanyiwa kazi ya gasketi ya silinda hedi mahali pengine. Lilikuwa linawaka, linatulia kwa shida na halina nguvu mlimani. Mashine ya kusomea hitilafu ilitoa namba P0016, yaani krenki na kemshafti havikubaliani. Wengi wakiiona namba hiyo hununua sensa. Mimi nilipima kompresheni kwanza, na silinda zote zikawa chini kwa kiasi kinacholingana. Silinda moja ikiwa chini, shuku valvu, ringi za pistoni au gasketi yake. Zote zikishuka pamoja, shuku kwamba valvu zinafunga kwa wakati usio wake.

Tatizo ni kwamba alama zote zilionekana sawa. Nilichukua muda mrefu kwenye hilo, na jibu lilikuwa kwenye puli ileile aliyoitaja mchangiaji wa kwanza. Ringi ya nje ilikuwa imeteleza juu ya mpira wake, bila shaka kwa sababu mtu aliivuta kwa nguvu, hivyo alama iliyochongwa kwenye ringi ikawa inasema uongo, na aliyefunga mkanda akaifuata. Nililigundua hilo kwa kuingiza kijiti kirefu laini kwenye tundu la plagi na kutafuta pistoni inapoacha kupanda na inapoanza kushuka, kisha nikachukua katikati ya pande hizo mbili. Usitumie bisibisi ya chuma pale tundu lilipolala kwa mshazari, kwani inaweza kukwama na kukwaruza.

Jino moja si jambo dogo. Kama gia ya kemshafti ina meno 40, jino moja ni digrii 9 za kemshafti, sawa na digrii 18 za krenki. Injini inaweza kuwaka katika hali hiyo, na ndiyo maana kuwaka kwa gari si ushahidi kwamba taimingi iko sawa. Tangu hapo sifungi mkanda kwa kufuata alama ya puli ya nje. Nafuata alama ya gia ya krenki iliyo nyuma yake, na naisoma kwenye kitabu cha injini husika. Kwa mfano, kwenye injini za Subaru za EJ gia ya krenki ina mshale na pia ina kimstari, na kinachofuatwa wakati wa kufunga mkanda ni kimstari. Pistoni zote huwa katikati, jambo ambalo ni salama zaidi kwa valvu.

Mchangiaji wa sita

Wakuu, nami niongeze habari ya bolti iliyokatika, maana pampu nyingi za maji huendeshwa na mkanda huohuo wa taimingi na bolti zake ni za chuma ndani ya alumini. Yangu ilikatika ikabaki na kishina kifupi. Nilikuwa na bahati kwamba kilichomoza, nikaweka nati juu yake na kuichomelea. Joto la kuchomelea ndilo lililofanya kazi kubwa, kwa sababu alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na kishina kilipopoa kidogo kikaanza kugeuka. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, ondoeni waya za betri. Wala msichomelee wala kuwasha moto mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani mvuke wake ukikutana na joto hilo hugeuka gesi ya fosjini, ambayo huua. Someni kopo kwanza.

Moto pia usiupeleke karibu na sili ya krenki. Hapo ni oili ya kupenyeza na subira.

Mchangiaji wa pili

Nimeelewa hoja za mwanzisha mada, ingawa naona ile ya pili inatatuliwa kwa kuchomoa fyuzi ya mafuta. Nina swali moja: injini yangu ni ya cheni, na nimepitisha alama kidogo wakati wa kuzungusha. Je, naweza kurudisha nyuma?

Mchangiaji wa tano

Usirudishe, ndugu. Upande ambao kwa kawaida huwa umekaza utalegea, na kama tensha (kikazio) ya cheni haina oili ya kuisukuma, cheni inaweza kuruka jino. Endelea mbele mizunguko miwili kamili hadi ufike tena kwenye alama, polepole, na ukihisi imegota mahali pasipotarajiwa, acha hapohapo na utafute inachogusa.

Na ukishaitoa tensha, kama ni ya oili, ibane kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, taratibu sana, kisha chomeka pini yake. Usiichomoe pini hiyo kabla bolti zote za tensha hazijakazwa na hujahakiki alama kwa macho.