Msaada: himoglobini ikishaishika oksijeni, inaiachiaje?

Binti_Makorora: Shikamooni wakubwa. Nipo kidato cha sita hapa Tanga, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nasomea jikoni usiku huku maharage yanachemka, na mada hii imenishinda. Nimeshika kwamba himoglobini, ile protini ya damu, ina vipande vinne, kila kimoja kina chuma kinachobeba oksijeni moja. Ila ikiwa inaing'ang'ania mapafuni, mguuni inaiachiaje? Na kwa nini mchoro wake, ule wa kiasi inachojaa kadiri oksijeni inavyoongezeka, ni kama herufi S, wa mayoglobini (protini ya kwenye misuli) siyo? Nisomeje?

Mwl_Baiolojia: Marahaba mwanangu. Weka mchoro pembeni kwanza. Umeshawahi kutandua turubai la shughuli lililokunjwa? Pembe ya kwanza ina taabu, ukishaivuta zilizobaki zinafuata. Oksijeni ya kwanza inaingia kwa shida, lakini ikishika chuma, molekuli nzima inabadilika umbo na vipande vingine vinapokea kwa urahisi. Hapo ndipo S inapotoka. Kuachia nako ni hivyo hivyo, kinyumenyume. Mayoglobini ina kipande kimoja tu, haina mwenzake wa kumvuta.

Sasa chora zote mbili kwenye karatasi moja. Mapafuni kanieneo (msukumo) ya oksijeni ni kama milimita 100 za zebaki, himoglobini inajaa asilimia 97 hivi. Kwenye misuli iliyotulia ni 40, inabaki kama 75. Ukikimbia, misuli inamwaga kabonidayoksaidi na asidi, navyo vinailazimisha iachie zaidi. Christian Bohr na wenzake walilieleza hilo mwaka 1904. Mayoglobini hata kwenye 20 bado imeshika karibu asilimia 90, ndiyo maana ni ghala la misuli na haifai kuwa mchukuzi.

Mvuvi_DeepSea: Mwalimu, ndiyo sababu jodari nyama yake nyekundu na changu nyeupe?

Mwl_Baiolojia: Ndiyo hasa kaka, mayoglobini ni nyekundu, na jodari anayo nyingi kwa kuwa haachi kuogelea. Na pweza unaowauza damu yao ni ya buluu, wao wanabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma.

Nesi_Mstaafu: Binti, hayo maharage unapikia mkaa? Umefunga mlango? Moshi wa mkaa una kabonimonoksaidi, nayo inakaa kwenye chuma kile kile kwa nguvu kama mara 200 kuliko oksijeni. Haina harufu. Nijibu.

Binti_Makorora: Mkaa, bibi, na mlango nilifunga kwa sababu ya mvua. Jiko nimeshalitoa barazani. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu saa mbili, nikadhani ni kusoma.

Nesi_Mstaafu: Toka nje wewe na wote waliomo humo ndani, fungueni madirisha, kisha mwende hospitali sasa hivi mkawaambie ni moshi wa mkaa. Daftari litasubiri.