Leseni ya droni ninayo, kumbe jimbo linahesabu tiketi! Nimechoka

Wakuu, nina hasira mpaka chai imenishinda.

Niko Tennessee, Marekani. Wikendi napiga video za harusi na mechi. Leseni ya droni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ninayo, na sikuiokota: maswali 60, usipofikisha asilimia 70 umefeli, ada dola 175.

Jana kulikuwa na bonanza la soka la Waafrika Mashariki, kiingilio dola 5. Kamati ikanipa kazi na advansi ya dola 150. Asubuhi nikafungua programu ya kuangalia anga, kijani kitupu. Nikatandika kitambaa changu cha kurushia, cha rangi ya chungwa, nyuma ya kibendera cha kona, nikairusha droni pembeni mwa uwanja. Juu ya kichwa cha mtu sikupita.

Fainali, dakika ya 70, Wakongo wanapata penalti. Betri ina asilimia 61. Mara bega langu linaguswa, kugeuka ni polisi: ishushe. Penalti sikuiona, nilisikia shangwe tu huku nakunja mabawa.

Kosa langu? Tennessee ukipiga picha kwa droni kwenye tukio la uwanja wa wazi, la tiketi, lenye watu zaidi ya 100, bila idhini ya mwenye uwanja au anayeuendesha, ni jinai. Kamati iliniruhusu, ndiyo, lakini kamati ni mpangaji tu pale. Meneja wa uwanja hakuwa na habari ya droni yoyote. Nimeachiwa kwa onyo.

Sasa hapa ndipo ninapochemka. Lingekuwa bonanza la bure, hata wangejaa watu 2,000, kipengele hicho kisingenigusa. Wanalinda watoto wetu au wanalinda geti? Droni ikidondoka inamuuliza mtu tiketi?

Sipingi kila katazo, msije mkanirukia. FAA yenyewe inafunga anga kwenye mechi za NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) na besiboli ya ligi kuu, viwanja vya watu 30,000 na kuendelea, maili 3 za baharini kuzunguka, lisaa limoja kabla na lisaa limoja baada. Hiyo naiona kwenye ramani, nakaa nyumbani. Hii ya jimbo kwenye ramani yangu haikuwepo! Na kila jimbo lina kipimo chake. Texas wao wanahesabu viti, 30,000, ukiruka chini ya futi 400 juu ya uwanja kosa la kwanza tu linaweza kukupa siku 180 jela. Nihariri video au nisomee uwakili?

Najua kuna mtakaosema anga ni ya serikali kuu. Kweli, mwaka 2017 mkazi mmoja aliushtaki mji wa Newton, Massachusetts, mahakama ya shirikisho ikafuta vipengele vya sheria yao ya droni. Hongera zake. Mimi wakili nimlipe kwa advansi ya dola 150?

Usiku mwenyekiti wa kamati kanipigia: "Kaka, mbona penalti haimo?" Nikaeleza weee. Salio hadi sasa hajatoa.

Wenye uzoefu nisaidieni, maana wiki ijayo nina harusi ya bustanini, wageni kama 250. Kuingia ni kwa kadi ya mchango, singo dola 100, dabo 180. Kwa sheria ya hapa, kadi ya mchango ni tiketi au si tiketi?