Pasi mpya imemfanya mume wangu awe mgeni kwa mshahara wake mwenyewe hapa Chengdu

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kwa heshima, ingawa ninaandika nikiwa na hasira ya miezi mitatu. Mimi na mume wangu ni wazaliwa wa Mombasa, tulipata uraia wa Marekani tukiishi Minnesota, na kwa miaka kadhaa sasa tunafundisha Kiingereza mjini Chengdu, katika mkoa wa Sichuan. Nayasema haya mapema kwa sababu najua atatokea mtu wa kuniuliza kwa nini tusitumie pasi za Kenya. Shule za huku humtaka mwalimu wa Kiingereza awe na pasi ya nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha ya kwanza ya watu wake, kwa hiyo kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, akaunti ya benki na hata laini ya simu vyote vimefungwa kwenye pasi ya Marekani. Wazazi wa wanafunzi wanaamini kwamba tulianza kusema Kiingereza tangu tukinyonya, nasi hatujaona sababu ya kuwaharibia imani hiyo.

Lalamiko langu ni hili. Raia wa China ana kitambulisho chenye namba ya tarakimu 18, na namba hiyo haimwachi mpaka kaburini. Mgeni hutambulika kwa namba ya pasi yake. Pasi ya mtu mzima wa Marekani huisha baada ya miaka 10, na ile mpya huja na namba nyingine kabisa. Benki, kampuni ya simu, programu ya malipo na mfumo wa tiketi za treni, vyote vimejengwa kana kwamba haiwezekani mtu akabadilishiwa namba na akabaki kuwa yule yule.

Pasi ya mume wangu ilikuwa inakaribia kuisha. Ubalozi mdogo wa Marekani uliokuwa hapa Chengdu ulifungwa Julai 2020, China ilipojibu hatua ya Marekani ya kuufunga ubalozi wake mdogo wa Houston, kwa hiyo tulipanda treni ya mwendokasi mpaka Beijing, safari ya takriban saa nane, tukalipa dola 130, na baadaye pasi mpya ikapatikana. Hapo sina neno. Polisi wa uhamiaji, ambao ndio hasa niliowaogopa, nao walitenda kazi yao: sheria inakupa siku 10 kuripoti mabadiliko ya kilichoandikwa kwenye kibali cha ukaazi, tukaripoti, wakachukua pasi na kutupa stakabadhi, kisha wakairudisha ikiwa na kibali kipya ndani ya muda walioahidi.

Masaibu yalianzia benki. Pasi ya zamani ilirudishwa ikiwa imetobolewa matundu, kama ilivyo desturi, na namba yake ilikuwa ya tarakimu tisa tupu. Pasi mpya ina herufi moja ikifuatwa na tarakimu nane. Karani aliishika ile yenye matundu akasema kwamba imebatilishwa, hivyo haiwezi kutumika kumtambulisha mtu; akaishika ile mpya akasema kwamba mwenye pasi hiyo hana akaunti katika benki yao. Mume wangu alikuwa amekaa mbele yake, sura ileile katika picha zote mbili, tarehe ileile ya kuzaliwa, mahali palepale pa kuzaliwa. Tuliambiwa tulete hati ya kuthibitisha kwamba pasi mbili hizo ni za mtu mmoja. Maana yake ni kurudi Beijing kuapa mbele ya afisa wa ubalozi, dola 50 kwa muhuri mmoja, kisha kumlipa mfasiri mwenye muhuri mwekundu wa duara, kwa kuwa karatasi isiyo na duara jekundu huku huhesabiwa kuwa barua ya mapenzi.

Tulikwenda, tukaapa, tukarudi. Benki ikabadilisha namba. Nikadhani tumevuka, kumbe ndiyo kwanza tunaingia majini. Mume wangu ana majina matatu, na karani, katika kuandika upya, aliyaunganisha yote bila nafasi. Kampuni ya simu ina majina hayohayo yakiwa na nafasi, ila jina la ukoo limewekwa mwisho. Programu ya malipo hulinganisha herufi kwa herufi jina lililo benki na lile lililosajiliwa kwa laini ya simu, na yasipofanana huikataa kadi. Kampuni ya simu inasema haiwezi kufuata jina la benki kwa sababu si hivyo lilivyo kwenye pasi. Benki inasema mfumo wake hauruhusu nafasi, na kwamba kosa ni la programu. Wahudumu wa programu wanajibu kwa ujumbe uleule kila mara, wenye uso unaotabasamu, wakituelekeza benki. Majina mengi ya Wachina huandikwa kwa herufi mbili au tatu tu, na aliyebuni fomu hizi hakumfikiria mtu anayebeba jina la baba na la babu.

Kwa hiyo mshahara unaingia kila mwezi, tunauona, na hatuwezi kuugusa isipokuwa kwa kupanga foleni dirishani na kutoa noti. Sheria inakataza mfanyabiashara kukataa fedha taslimu, lakini nendeni na noti ya yuan 100 kununua vitunguu vya yuan nne muone kama muuzaji ana chenji. Mwanamume mzima ananiomba mimi nimlipie metro kwa simu yangu, kwa kuwa pasi yangu bado ina miaka mitatu. Ajabu ni kwamba mama muuza mboga wa chini ya jengo letu amemfungulia deni kwenye daftari, akimwandika kwa alama ya miwani. Yeye hakuuliza namba.

Tafadhali msinishauri tuunganishe kadi ya Marekani. Najua kwamba tangu Julai 2023 programu kubwa za malipo zinapokea kadi za nje, na tumejaribu. Malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa asilimia 3, na mwenye nyumba wetu, ambaye ni mtu binafsi, hawezi kutumiwa kodi kwa njia hiyo. Tena mshahara uko hapa. Kwa nini nitoe akiba ya Minnesota kulipia chakula cha Chengdu?

Ninachoomba ni jibu la waliopitia haya, hasa ndugu zetu wafanyabiashara wa Guangzhou na Yiwu ambao nao hubadilisha pasi. Je, mlianza kusahihisha jina wapi, benki au kampuni ya simu? Na kuna aliyewahi kufunga akaunti kabisa na kufungua nyingine kwa pasi mpya bila mshahara kukwama katikati? Shule inataka jibu letu kabla ya tarehe ya malipo ya mwezi ujao, na karani wetu amekwenda likizo.