Manukuu ya Kiswahili ya filamu ya Billu: kinyozi na nyota wanaitanaje?

NyandoKaskazini (Kisumu)
Wadau, habari zenu. Ninaandaa manukuu ya Kiswahili ya Billu, ile ya 2009 ya Priyadarshan ambamo Irrfan Khan ni kinyozi wa kijijini na Shah Rukh Khan ni Sahir Khan, nyota wa sinema aliyekuwa rafiki yake utotoni. Watazamaji ni kikundi cha wazee wa Kondele, na tutatumia projekta ukutani. Ninatafsiri kutoka manukuu ya Kiingereza. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, faili inaanza sawasawa, lakini filamu ikifika saa moja maneno yametangulia midomo kwa zaidi ya dakika mbili. Pili, mazungumzo yanatoka makavu. Kinyozi, tajiri wa kijiji na nyota wote wanaitana "wewe", na ule umbali kati yao unapotea, ilhali filamu nzima imesimama juu ya umbali huo.

Fremu25 (Nakuru)
La kwanza ni jepesi. Pengo linalokua kadiri filamu inavyoendelea ni la kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Manukuu yako yalipimwa kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, na video uliyo nayo ni ya 23.976. Kwa saa moja tofauti hiyo ni dakika 2 na sekunde 27 hivi, ndiyo maana umeona "zaidi ya mbili". Kubonyeza G na H katika VLC, programu ya kuchezea video, hakutasaidia, kwa sababu vitufe hivyo vinasogeza kila mstari kwa kiasi kilekile. Fungua faili katika Subtitle Edit, programu ya bure, nenda kwenye menyu ya kusawazisha muda, badilisha kasi kutoka 25 hadi 23.976, kisha ukague mstari wa kwanza na wa mwisho wa filamu. Hiyo miwili ikikaa, ya katikati imekaa.

Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Na ukiandika muda kwa mkono katika faili ya .srt, milisekunde hutanguliwa na mkato, si nukta: 00:01:12,500. Nukta moja tu inaweza kufanya baadhi ya televisheni zikatae faili nzima.

BazaarMashariki (Kisumu)
La pili ndilo lenye kazi, na linaanzia kwenye Kiingereza. Kihindi kina "wewe" tatu: *aap* ya heshima, *tum* ya kawaida, na *tu* ya mtu wa ndani kabisa, ya mtoto, ya Mungu, na pia ya unayemdharau. Kiingereza kimeyafunika yote kwa neno moja. Umepakua kutoka sufuria iliyokwisha kukwanguliwa.

Rudi kwenye sauti. Huhitaji kujua Kihindi chote. Tega sikio kwa hizo tatu, pamoja na *ji* na *saab*, maneno ya heshima yanayofuata majina. Weka alama kando ya kila mstari. Kisha hamishia heshima hiyo kwenye kitenzi na jina la kuitana, kwa kuwa Kiswahili huiweka huko. Mfano wangu tu, si maneno ya filamu: "Naomba uketi, mkubwa" ni *aap*, "Keti" ni *tum*, "We, hebu kaa hapo" ni *tu*. "Mheshimiwa" liache; masikio ya Kisumu yatasikia mbunge. Na usiweke "shikamoo" kila penye namaste, huku kwetu wazee watahisi filamu imehamia pwani.

Angalia pia kijiji kinavyobadilika mara mbili. Uvumi ukienea kwamba kinyozi anajuana na nyota, watu wanaanza kumbembeleza; asipowafikisha kwake, wanamgeuka. Andika orodha ya wahusika, na kwa kila mmoja jina analomwitia Billu kabla ya uvumi, wakati wa uvumi, na baada. "Billu" wa mwanzoni akawa "ndugu Billu", halafu "ndugu" likaanguka, mzee ataona bila kuelezwa.

Jambo moja nakuomba sana: neno "swahiba" usilitumie popote kabla ya hotuba ya Sahir pale shuleni. Kabla ya hapo tumia "rafiki", "mwenzangu", "tunajuana". Ukilitapanya mapema, litafika kwenye hotuba likiwa limechoka.

Na chunga maneno tunayofanana. *Gharib* ya Kihindi ni maskini, si "gharibu" wetu aliye mgeni. *Fursat* ni wasaa, muda wa kupumzika, si "fursa". *Dukaan* ni duka kweli, lakini kwa Billu andika "kwa kinyozi". Hilo neno kinyozi liandike kwa heshima. Filamu ilipotoka, "Barber" iliondolewa kwenye jina kwa sababu vyama vya wanyozi India vililalamika.

Ukimaliza, mpe jirani anayeelewa Kihindi aisikilize yote, Kisumu hawakosekani. Kinyozi hajinyoi.

Fremu25 (Nakuru)
Naongeza kuhusu urefu. Mistari 2, herufi 42 kila mmoja, si zaidi. Kwa wazee hesabu herufi 13 kwa sekunde. "Katika maisha yangu yote sijawahi kukusahau hata kwa siku moja" ni herufi 62 pamoja na nafasi, yaani karibu sekunde 5. "Sikukusahau hata siku moja" ni 26, sekunde 2, na inauma zaidi. Usikate mstari baada ya "wa", "ya", "kwa" au "na". Neno hilo lishuke pamoja na linalofuata. Hotuba ya shuleni ikate pale anapovuta pumzi. Ukutani, ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.5 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya mbele vitaficha mstari wa pili.

Lanet_B (Nakuru)
Haki ya kutafsiri na ya kuonyesha hadharani ni ya mwenye filamu, hata kama hamtozi kiingilio. Waandikieni Red Chillies Entertainment walioitengeneza, na mwone KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kuhusu leseni chini ya Sura 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani. Fanyeni hivyo kabla ya kutangaza siku.

NyandoKaskazini (Kisumu)
Asanteni sana. Na nyimbo, nitafsiri?

BazaarMashariki (Kisumu)
Zile za wachezaji wengi, kama Marjaani, ni za filamu ndani ya filamu: ni Sahir yuko kazini. Ziache bila manukuu, macho ya wazee yapumzike. Khudaya Khair itafsiri, lakini kwa uchache. *Khair* ndiyo heri yetu hiihii.