Kipimo cha enlaja: tanga limekuwa jeupe tupu, uso umeziba weusi

Muulizaji, Chumbageni
Wajuzi, salaam. Nasafisha picha nyeusi na nyeupe nyumbani, na nimepata kipimo cha mwanga cha kuweka chini ya enlaja (mashine ya kukuzia picha), kile chenye vitaa vyekundu na kijani. Picha ya kwanza ilitoka safi. Nikaweka negativu ya ngalawa niliyopiga pwani ya Deep Sea saa sita mchana: tanga jeupe tupu, mishono haionekani, na uso wa nahodha umeziba weusi. Nimepima katikati ya picha kama mwanzo. Kipimo kimeharibika?

Fundi wa Ngamiani
Kipimo kizima, mdogo wangu. Ukipima katikati unapata muda wa kuchapa tu, kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, hujaigusa. Na jua la utosi ndilo linaloachanisha mwanga na kivuli.

Irudishe negativu ya kwanza, na lenzi iwe kama ulivyoichapa. Zima taa nyekundu ya chumba cha giza, maana nayo huingia kwenye jicho la kipimo. Weka jicho penye nyeupe yenye alama kidogo, zungusha kitufe cha kipimo mpaka kijani iwake, na hapo usikiguse tena. Sasa weka ngalawa. Jicho kwenye mshono wa tanga, fungua au funga tundu la lenzi mpaka kijani iwake: muda wako ni uleule wa picha ya kwanza. Hamishia jicho kwenye shavu la nahodha, upande wa kivuli, ufunge lenzi mpaka kijani irudi. Hesabu umefunga stopu ngapi (kila stopu hupunguza mwanga nusu). Hizo ndizo kontrasti ya negativu yako. Kabla ya kuchapa, rudisha lenzi ilipokuwa kwenye tanga.

Muulizaji
Asante mzee. Nikipata stopu nne?

Fundi wa Ngamiani
Gredi ni namba ya kontrasti ya karatasi, ikiwa ndogo picha hulainika. Gredi 2 kwa kawaida hubeba stopu kama tatu na kitu, kwa hiyo shuka hadi gredi 1, hata 0. Ila ipime karatasi yako mwenyewe kwa weji ya Stouffer ya hatua 21, ukanda wa filamu unaokolea hatua kwa hatua, kila hatua nusu stopu. Ilaze juu ya karatasi, chapa, hesabu hatua toka nyeusi kamili hadi kijivu cha mwisho. Zikiwa saba, inabeba stopu tatu na nusu. Filta za Ilford Multigrade, zile za rangi za kubadilishia gredi, toka 00 hadi 3½ muda ni mmoja. Kwa 4 na 5 zidisha muda mara mbili.

Mdau wa Bagamoyo
Na joto jamani! Dawa ya kusafishia inataka nyuzi 20, maji yetu ya Pwani ya moto. Trei ikae kwenye beseni la barafu, la sivyo vipimo vya jana havifai leo.

Fundi wa Ngamiani
Kweli kabisa. Na usiihukumu picha ikiwa mbichi. Ikikauka hukolea kidogo.