Naomba ushauri: diski za gemu zilizotumika kutoka Japani

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Nina chumba cha gemu hapa Mtwara mjini, nacho hutegemea diski zilizotumika za PlayStation 2 na PlayStation 3. Ninazopata hapa nchini huja ndani ya mifuko ya nailoni zikiwa zimechubuka, na muuzaji huziita nzima mradi tu zinasoma, ilhali wauzaji wa Japani huandika kuwa ni kasoro hata kitabu cha maelezo kikiwa kimekunjika pembe au jalada limepauka kwa jua. Utunzaji wa namna hiyo naupenda kwa dhati. Nimejaribu kuzisugua diski zangu kwa dawa ya meno, lakini nyingi bado hukwama palepale katikati ya mchezo.

Najua gemu za PlayStation 3 karibu zote huchezeka popote, ila PlayStation 2 hukataa diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kanda nyingine za dunia.

Je, diski ambayo Mjapani ameipanga daraja la chini naweza kuiagiza bila hofu? Na kwa PlayStation 2, niagize mashine ya Kijapani, ambayo hutumia volti 100, au fundi aibadilishe niliyo nayo ili isome diski za Japani?

Natanguliza shukrani.